Tikisa unywe, eti!

Nianze na binti wa duka la dawa, maana hasira yangu haijaisha. Chupa yangu ya pili ya kwasetini ya liposomu, ya aleji, niliikuta imepangwa dirishani, jua la saa nane la Kampala linaipiga usoni, na mgongoni imeandikwa wazi: weka mahali pa baridi, pasipo mwanga. Namwonyesha, ananijibu huku anabonyeza simu, "Nnyabo, hii ni dawa, si maziwa. Tikisa unywe."

Tikisa! Mimi fundi cherehani, nashinda kwenye nyuzinyuzi za vitambaa, vumbi jekundu linaingia mlangoni, na aleji ya pua ninayo tangu usichana. Setirizini, kidonge cha aleji, hunikausha pua lakini hunisinzisha, na sindano ya cherehani haina huruma kwa anayesinzia. Ndiyo nikaihangaikia kwasetini, ile flavonoidi, yaani kemikali ya mimea, iliyomo kwa wingi kwenye vitunguu. Maabarani inaonekana kuzizuia seli zisimwage histamini, kemikali ya mwili inayoleta chafya. Kasoro yake, haiyeyuki vizuri majini. Ukiimeza kavu, sehemu kubwa inapita tu. Hapo ndipo liposomu zinapokuja: vifuko vidogo mno, kuta zake ni mafuta kama yale ya utando wa seli zetu, na kwasetini inasafiri humo. Mimi nililipia hivyo vifuko! Ningetaka kwasetini tupu ningekula kachumbari.

Na vifuko havipendi joto. Mafuta huchacha, vifuko hushikana, kilichomo kinavuja. Yangu nilipoifungua nyumbani ilikuwa imejitenga, juu mafuta, chini uji wa manjano, inanuka mawese ya mwaka juzi. Nikairudisha. Eti imeshafunguliwa, hairudishwi. Sasa ningejuaje imeharibika bila kuifungua? Nyuma yangu mtu akacheka.

Chupa ya kwanza, nisiseme uongo, ilinifaa. Wiki tatu hivi chafya zilikuwa za kuhesabika; nilimaliza gomesi sita, yale magauni ya kina mama, za kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, bila leso mkononi. Nikamshawishi hadi jirani yangu muuza matoke anunue. Ila nikikumbuka vizuri, ndiyo siku mvua zilipoanza na vumbi likalala. Kwa hiyo ilikuwa liposomu, au mvua? Kiangazi nitajaribu tena, kwa muuzaji mwenye friji.

Kwa yule binti hata panadoli sinunui. Juzi nilinunua, lakini ilikuwa usiku na kwingine wamefunga.