Silinda nne au sita kwa lita mbili zilezile: uzoefu wangu

Anayetaka kujua idadi ya silinda inabadilisha nini hasa, alinganishe injini zenye cc (ujazo wa silinda zote; cc 1,000 ni lita moja) zinazokaribiana. Mimi nimekaa na mbili za Toyota: 3S-FE ya silinda nne kwenye RAV4 ya milango mitatu, na sasa 1G-FE ya silinda sita kwenye Mark II. Ya kwanza ni cc 1,998, ya pili 1,988.

Kwa nguvu, usitegemee miujiza. Injini inavuta kulingana na hewa na mafuta inayomeza, na lita mbili ni lita mbili. Mlimani RAV4 ilikuwa nyepesi zaidi mguuni. Mark II inataka ushushe gia na uiache izunguke. (Sedani hii ni nzito, nayo tusiionee injini.)

Utamu uko kwenye ulaini. Kila silinda huwaka mara moja krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ikizunguka mara mbili. Kwenye silinda nne, krenki inapata msukumo kila nyuzi 180. Kwenye sita, kila nyuzi 120, kwa hiyo msukumo mmoja haujaisha mwingine umeshaanza. Pistoni nazo ni ndogo, milimita 75 kwa upana badala ya 86, na sita zikipangwa mstari mmoja zinafutiana mitikisiko. Nikisimama kwenye taa, mkono ukiwa kwenye usukani, nasikia feni ya AC tu. Mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ndio unaonihakikishia kuwa gari halijazima.

Niliwahi pia kuazima kigari cha silinda tatu chenye turbo. Kuondoka kinaondoka, tena vizuri, maana turbo inasukuma hewa ya ziada. Ila kikisimama, kioo cha kati kinachezacheza: msukumo unakuja kila nyuzi 240.

Silinda sita zina gharama zake. Plagi ni sita, vinavyosuguana ni vingi, na kwenye foleni petroli inakwenda. Kwa mizunguko ya mjini na mizigo, ningerudi kwenye nne bila kusita.

Anayetaka ulaini na nguvu kwa pamoja aongeze cc, asiongeze silinda. Nimeendesha Mark II yenye 1JZ-GE, cc 2,491, silinda sita vilevile. Utulivu ni uleule, ila kulipita lori ukiwa na abiria wanne hakuhitaji tena kusubiri barabara nyeupe kilomita nzima.