Gereji ya Tabata kwa chekapu ya masika: wanapima kwanza, hawakisii

Masika ndo hiyo inakuja, mwezi wa tatu mpaka wa tano Dar tunaijua, na kila mwaka watu wanasubiri gari izime kwenye maji ndo waanze kutafuta fundi. Kwahiyo naandika mapema kwa wenzangu wenye IST, Passo, Raum na gari nyingine za kwendea kazini. Gereji yenyewe ipo Tabata, haina bango kubwa, ni uwanja wa zege na paa la bati, mafundi wachache na kijana mmoja wa umeme, ila kwa maoni yangu ndo sehemu bora niliyowahi kupeleka gari hapa mjini, kwa sababu hawabadilishi kitu mpaka wakipime na wakuoneshe kwa macho.

Ukifika unawaambia unataka chekapu ya mvua. Mi nililipa elfu 30, na ukifanya matengenezo hapohapo hiyo hela wanaikata kwenye ufundi.

Kilichonifurahisha zaidi ni walivyoshughulikia themostati. Hiki ni kidude kidogo kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake, na mafundi wengi wa mtaani wanakitoa kabisa wakisema hii nchi ya joto hakina kazi. IST yangu nimeinunua mkononi mwa mtu na haikuwa nacho, mi sikujua. Fundi akaiwasha ikiwa imelala baridi, akashika mpira wa juu na wa chini wa rejeta, yote miwili ikaanza kupata uvuguvugu pamoja toka mwanzo, akaniambia hapa hamna kitu. Hakuishia hapo, akachomeka mashine ya kupimia tukatoka barabarani, kila tukikimbia joto la injini linashuka, na themostati nyingi za Toyota zinafunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo, sisi hata hapo hatufiki. Injini ikiwa baridi kompyuta inadhani gari ndo imewashwa sasa hivi, inaendelea kumwaga mafuta mengi, kwahiyo unakuta mtu analalamika IST yake inakunywa kama Noah halafu anabadilisha plagi kila siku.

Na wanaosema ukiirudisha gari itachemsha kwenye foleni, jamani, gari inayochemsha kwenye foleni ya Ubungo ujue feni haizunguki vizuri, au rejeta imeziba, au kifuniko cha rejeta kimechoka hakishiki presha. Kutoa themostati ni kuficha ugonjwa tu. Halafu acheni kuweka maji ya kisima, visima vingi vya huku vina chumvi, ile kutu ya rangi ya chai unayoiona ukifungua kifuniko ndo inayoziba rejeta. Wekeni kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Walinisafishia mfumo wote, wakafunga themostati mpya na kulanti, na unywaji wa mafuta umepungua, nauona kwenye pampu.

Tairi nako wako makini. Wana kile kipimo cha kina cha kashata, yaani yale meno ya tairi, wakanionesha za mbele zimebaki kama milimita 2. Kiwango cha chini kinachotumika nchi nyingi ni 1.6 lakini kwenye mvua chini ya 3 tairi inashindwa kutoa maji, gari inateleza juu ya maji kama hujashika stelingi. Wakanifundisha na kusoma tarehe, zile namba nne za mwisho pembeni ya tairi, mfano 1017 ni wiki ya 10 ya mwaka 2017, kwahiyo ukienda kununua tairi za mtumba zinazong'aa kwa kupakwa dawa soma kwanza hapo. Upepo wanajaza kwa kufuata stika iliyopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, hawajazi kwa mazoea.

Betri ikapimwa, ilikuwa na volti 12.6 ikiwa imetulia na 14 injini ikiunguruma, wakasema nzima na hawakunishawishi ninunue nyingine, sehemu nyingine hapo ningeshauziwa. Mafuta ya breki yakabadilishwa sababu yalishavuta unyevu. Waipa zilikuwa zimekauka na jua, mpya.

Kabla sijaondoka fundi mkubwa akanipa somo la maji ya Jangwani, lile bonde la hapa Dar linalofurika mvua ikizidi, nalileta kama alivyosema: maji yakifika nusu ya tairi geuza, tafuta njia nyingine hata kama daladala iliyo mbele yako imepita. Na gari ikizima ndani ya maji usiiwashe tena, hata mara moja, maji yakishaingia kwenye silinda hayabanwi, unapinda konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, na injini ndo basi. Isukumwe, ivutwe, ifunguliwe kwanza. Ukivuka salama kanyaga breki taratibu mara kadhaa zikauke. Vioo vikipata ukungu washa AC uielekeze kwenye kioo cha mbele, acha kufuta na kiganja.

Mapungufu yapo. Spea hawauzi, wanakuandikia majina na unaenda mwenyewe Gerezani Kariakoo, mi naona ni uaminifu mzuri ila nusu siku inaisha. Muda wanaokuambia usiuamini, nilitajiwa saa nane nikaondoka magharibi, na hakuna pa kukaa zaidi ya benchi moja. AC hawafanyi kabisa, watakuelekeza kwingine. Kwa mtu mwenye haraka hapa hapamfai, lakini kama unataka kujua hali halisi ya gari yako nenda.

Jumamosi msiende, madereva wa teksi za mtandaoni wanajaa toka asubuhi. Nenda katikati ya wiki, na kama unaweza iache gari jioni ilale hapo, maana kipimo cha themostati na cha upepo vyote vinataka gari iliyopoa, ukifika nayo imetoka foleni utasubirishwa mpaka ipoe.