Mashine ya kupimia sensa za ABS: uzoefu wangu na Premio

Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) ikikuwakia kwenye dashibodi, vile vidude vya bei nafuu vya ELM327 vya kusomea hitilafu za gari havitakusaidia sana. Mara nyingi vinaishia kwenye kodi (namba za hitilafu) za injini, zile zinazoanza na P, ilhali hitilafu za sensa za magurudumu, yaani vifaa vinavyosoma kasi ya kila gurudumu, ziko kwenye kodi za C. Mimi nilinunua Kariakoo mashine ya mkononi yenye skrini yake, inayoingia hadi kwenye kompyuta ya ABS. Nililipa shilingi 320,000 na sijutii hata senti.

Gereji moja walishaniambia pampu ya ABS ya Premio yangu imekufa, nitafute ya mtumba. Nilipochomeka mashine chini ya usukani ikatoa C0200, ambayo kwa Toyota ni sensa ya gurudumu la mbele kulia. Wengi wakifika hapo hukimbilia dukani. Lakini kodi inakupa upande tu. Haisemi kama ubovu uko kwenye sensa yenyewe, waya, beringi, au ile pete yenye meno ambayo sensa inaisoma.

Utamu wa mashine hii uko kwenye data za papo kwa papo: kasi ya magurudumu yote manne unaiona pamoja kwenye skrini. Mdogo wangu akaendesha, mimi nikasoma, maana kuendesha huku umekodolea skrini ni kutafuta ajali. Tukiwa kilomita 30 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, yote manne yalilingana. Tukikata kona, la mbele kulia linadondoka hadi sifuri; tukinyoosha, linarudi. Sensa iliyokufa haifufuki hivyo. Tukaenda moja kwa moja kwenye waya wake, pale unapojikunja karibu na shokapu, tukakuta nyuzi zimekatika ndani ya ganda. Fundi umeme akabadilisha kipande kile, akakifunga vizuri kisisuguane na tairi, nikafuta kodi. Taa haijarudi, na masika yamepita.

Angalizo: sensa za zamani, zile za sumaku na koili, huonyesha sifuri gari likitambaa polepole sana. Huo si ubovu. Hizo unaweza pia kuzipima kwa mita ya umeme, ulinganishe omu (ukinzani wa umeme) za kushoto na kulia.

Kasoro zipo. Menyu ni Kiingereza kitupu, na kwenye Noah ya jirani ilisoma injini vizuri lakini ABS ikagoma kabisa. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie muuzaji aijaribu kwenye gari lako, afungue ABS na akuonyeshe kasi za magurudumu.

Siku hizi rafiki akitaka kununua gari lililotumika naibeba mashine yangu. Taa ya ABS inatakiwa iwake ukiwasha swichi, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameizima makusudi, na hapo kodi iliyobaki kwenye kompyuta inamuumbua muuzaji.