Pula ya beringi kwenye habu ya nyuma iliyogoma: uzoefu wangu

Seti hii ya pula, yaani kifaa cha kung'olea beringi, niliinunua Kariakoo kwa laki na ushee, kwa ajili ya tairi la nyuma la bodaboda yangu. Nimeitumia vya kutosha kusema kwamba inafanya kazi, ila inataka moto, na hilo muuzaji hakwambii.

Nilikuwa nailinda habu, ile sehemu ya katikati ya gurudumu inayokaa beringi, zaidi ya beringi yenyewe. Beringi ni bei ndogo, unaipata duka lolote la spea. Habu ikichimbika ndani, hiyo ni hasara nyingine. Gereji nyingi wanapitisha tindo upande wa pili, nyundo inashuka, tindo inateleza na kukwangua ukuta wa alumini. Beringi mpya ikifungwa kwenye tundu lenye makovu haikai sawa, na siku si nyingi inaanza kuzunguka yenyewe ndani ya habu. Ndipo unamwona fundi anakata kipande cha kopo la soda na kukizungushia beringi ili ibane. Inaniuma kila nikiiona kazi hiyo, maana mteja analipa halafu anaondoka na ugonjwa wake.

Beringi yangu iligomeshwa na maji. Pikipiki zetu zinaoshwa kwa pampu ya presha, na waoshaji wengi wanaelekeza maji moja kwa moja kwenye ekseli. Yakishapita sili, ile raba ya kuzuia maji na vumbi, chuma cha beringi na alumini ya habu vinashikana kwa kutu. Nilipong'oa sili nilikuta unga mweupe umezunguka ukingo, na katikati tope jekundu badala ya grisi. Kabla ya hapo dalili ilikuwa tairi kucheza: ukiiweka pikipiki kwenye stendi kubwa, ukashika tairi huku na huku na kulitikisa, linagonga.

Ndani ya boksi kuna vishikio vya ukubwa tofauti, fimbo, na uzito unaoteleza juu ya fimbo hiyo na kugonga mwisho wake ili kuvuta kishikio. Kishikio unakichagua kwa namba ya beringi. Tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazotaja tundu la beringi, pale inapopita ekseli: 00 ni mm 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5. Yangu ilikuwa 6202, yaani tundu mm 15, kipenyo cha nje mm 35, unene mm 11. Unaingiza kishikio, unakaza, midomo yake inatanuka na kuuma nyuma ya ringi ya ndani ya beringi. Hapa pana utundu kidogo, kwa sababu nyuma ya beringi kuna spesa, ile bomba inayotenganisha beringi mbili, na nafasi ya mdomo kupenya ni nyembamba sana. Isukume spesa pembeni kwa bisibisi, mulika na tochi, na usianze kuvuta mpaka uhakikishe midomo imekamata kote.

Kwa baridi haikutoka. Kila nikipiga uzito, kishikio kinachomoka chenyewe na beringi imetulia palepale. Nikatoa sproketi (gia ya mnyororo) na kibebeo chake, raba za habu na shuu za breki, vyote nikaviweka mbali, kisha nikazungusha moto wa gesi kwenye habu bila kuutuliza sehemu moja, na mbali na tairi. Kama umeosha habu kwa petroli, subiri ikauke kabisa, na petroli yenyewe iondoe hapo kabla ya kuwasha chochote. Kipimo changu ni tone la maji: likidondoka likachemka na kukauka papo hapo, inatosha. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa tundu la habu la mm 35, beringi inapokaa, ukipandisha joto kwa nyuzi 80 unapata tofauti ya takriban mm 0.03, na kwa beringi iliyobana hicho ni kingi. Nikarudisha kishikio, nikapiga uzito kwa nguvu za wastani, ikasogea, ikatoka nzima. Ukuta wa habu ulibaki laini, hauna mkwaruzo hata mmoja.

Kurudishia hakuhitaji pula. Beringi mpya naigonga kwa soketi inayokaa kwenye ringi ya nje tu. Ukigonga ya ndani unaziumiza gololi kabla pikipiki haijatoka gereji. Upande wa kwanza unafika mwisho, spesa inaingia, ndipo unafunga wa pili. Spesa isisahaulike kabisa, maana bila hiyo ukikaza nati ya ekseli unazibana beringi kwa ubavu, na zinakufa mapema.

Kasoro ninayoiona ni vishikio vidogo. Midomo yake ni myembamba na chuma chake si kigumu sana, kwa hiyo usivikaze kwa spana ndefu. Halafu, beringi ikishasagika ikabaki ringi ya nje peke yake, pula hii haina cha kushika. Hapo mpelekee mtu wa welding apitishe mshono ndani ya ringi. Ikipoa inasinyaa na kulegea.

Kwa fundi mwenye gereji naipendekeza bila kusita. Kwa mwenye pikipiki moja, tafuta fundi aliye nayo, na kabla hajafungua tairi muulize beringi anazitoaje.