Kibanda umiza chetu na Star Wars

Kibanda cha kuonyesha video Mwananyamala, Dar es Salaam, kiingilio shilingi 500, mabenchi ya mbao, feni moja. Jumamosi waliweka Revenge of the Sith, muvi ya Star Wars (hadithi za vita vya angani) ya mwaka 2005. Nilikwenda kwa moyo mzito, maana zile muvi tatu za Star Wars za 1999 hadi 2005 za George Lucas, aliyeibuni, tulizizomea sana. Safari hii Anakin, shujaa anayegeuka mwovu, alipoungua kando ya mto wa moto, kibanda kizima kilinyamaza. Kijana jirani yangu alifuta machozi. Nikamkumbuka Ahmed Best, aliyecheza Jar Jar, yule kiumbe mchekeshaji, kwenye muvi ya mwaka 1999 akatukanwa mno, kisha 2023 akarudi kwenye The Mandalorian, tamthilia ya Star Wars, kama Jedi (mpiganaji wa upanga wa mwanga) na kushangiliwa. Tulimkosea sana yule kaka. Spika ya kushoto inakwaruza, wairekebishe. Jumamosi ijayo narudi na wanangu.