Jukwaa la kublogu lililopoteza makala yangu ya saa tatu

Nimelitumia jukwaa hili kwa muda mrefu, na hadi majuzi nilikuwa nikilisifu kwa kila aliyeniuliza aanzie wapi kublogu. Jioni moja nilikaa saa tatu nikiandika kumbukumbu ya marehemu mwalimu wangu, na nilipobofya kitufe cha kuhifadhi nikaambiwa kwamba muda wangu wa kuwa ndani ya akaunti umekwisha, hivyo niingie upya. Niliingia. Kisanduku cha kuandikia kilikuwa kitupu. Nikarudi ukurasa wa nyuma, nikatafuta kwenye rasimu, sikuambulia hata sentensi moja.

Niliwaandikia wahudumu kwa adabu, nikiomba jambo moja tu, kwamba maandishi yawe yanajihifadhi yenyewe kila baada ya muda mfupi. Nilijibiwa kwamba jukwaa limekusudiwa kuwa rahisi, na kwamba mwandishi makini huandika kwanza kwingine kisha akanakili. Jibu hilo liliniuma kuliko hasara yenyewe. Urahisi huo ni wa nani, ikiwa mwandishi ndiye anayebebeshwa mzigo wa kukumbuka kuhifadhi? WordPress, jukwaa jingine la kublogu, ilianza kuhifadhi rasimu kiotomatiki mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikaongeza utunzaji wa matoleo ya awali ya makala. Tena jambo lenyewe halidai kitufe kipya wala menyu, kwa kuwa kivinjari kinaweza kuyatunza maandishi ndani ya kifaa cha mwandishi hata mtandao unapokatika, kisha seva ikayapokea baadaye.

Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimeazimia kuwashauri watu wote walihame. Hata hivyo, nimejaribu mengine mawili na sikupata ukurasa mtulivu kama huu, usio na matangazo, unaofunguka upesi hata mtandao ukiwa dhaifu, kwa hiyo siwezi kusema kwa haki kwamba ni baya. Ningependa pia kuweza kupanga saa ya kuchapisha, na mlisho wa RSS, ule unaompelekea msomaji makala mpya bila yeye kuifungua blogu, uwe unabeba makala nzima badala ya mistari ya mwanzo tu, ila hayo naweza kuyasubiri.

Lisilosubirika ni hili nililoligundua nilipokuwa nikijiandaa kuondoka: hakuna njia ya kupakua makala zangu zote kwa pamoja. Hapo ninaondoa kila sifa niliyoitoa, kwa sababu maandishi ni yangu na bado nimefungiwa nayo ndani. Ninazinakili moja baada ya nyingine kila usiku. Nimefikia ya 41, na ile ya mwalimu wangu bado sijaweza kuiandika tena.