Tikka T3x kwa risasi ya .308: uzoefu wangu, na kwa nini sikuchukua magnamu

Nilichagua risasi kwanza, bunduki yenyewe, Tikka T3x, ikafuata. Nawinda swala wa umbo la kati na nguruwe mwitu, umbali wa mita 50 hadi 200, na mara nyingi nafyatua nikiwa nimekaa chini au nimeegemeza bunduki kwenye fimbo za miguu mitatu. Ukishajua mnyama, umbali na mkao wako, ile orodha ndefu ya kaliba, yaani aina za risasi, inajipunguza yenyewe.

Nilibakiwa na tatu: .30-06 Springfield ya mwaka 1906, .270 Winchester ya 1925 na .308 Winchester ya 1952. Yoyote kati ya hizo inatosha kwa kazi yangu. .30-06 inasukuma kichwa, kile kipande kinachoruka, cha gramu 11.7 kwa mita 820 hivi kwa sekunde, na ukitaka kichwa cha gramu 14 inakibeba vizuri. .308 ganda lake ni fupi, milimita 51 dhidi ya 63, na inakula baruti pungufu kidogo. Kwa kasi ya kichwa inazidiwa kidogo tu, na swala aliye mita 150 hawezi kuijua tofauti hiyo. Bega lako litaijua, kwa kuwa .308 hurudisha teke dogo, hasa siku ya mazoezi marefu. Hapo ndipo .308 iliponiteka moyo.

Wenzangu walinisukuma nichukue magnamu, yaani risasi yenye baruti nyingi na teke kubwa: .300 Winchester Magnum. Ni risasi nzuri kwa anayefyatua mbali kwenye nchi ya wazi, na nimeifyatua uwanjani nikaiheshimu. Lakini mwindaji anayeliogopa teke la bunduki yake huanza kufumba macho na kuivuta triga kwa pupa, na mnyama anaondoka na risasi ya tumbo. Sioni kosa baya kuliko hilo katika uwindaji. Kuna njia ya kujipima: mwombe mwenzako akupakilie bunduki uwanjani, risasi hai na za bandia zikichanganywa, wewe usijue zamu ya ipi. Triga ikilia kavu na mdomo wa mtutu ukazama, umeshaanza kuiogopa. Shuka kaliba.

Watu humtaja sana W.D.M. Bell, mwindaji wa zamani aliyeangusha tembo wengi kwa risasi ya 7x57 Mauser, kuonyesha kwamba risasi ndogo inafaa popote. Bell alijua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande, na alikuwa mtulivu kupita kiasi. Kwa nyati na wakubwa wengine, .375 Holland & Holland ya 1912 ipo kwa sababu, na sheria za nchi kadhaa zinaitaja kuwa kiwango cha chini. Soma masharti ya kibali chako kabla hujapenda bunduki yoyote.

Sasa Tikka yenyewe. Inatengenezwa na Sako huko Finland. Nilichukua T3x Lite, kitako cha plastiki ngumu, na bila darubini haifiki kilo tatu. Wepesi huo utaushukuru ukitembea asubuhi nzima, ila kumbuka bunduki nyepesi hurudisha teke kali kuliko nzito ya risasi ileile. Hiyo ni sababu nyingine ya kuniweka kwenye .308. Jambo moja wauzaji hawalisemi: T3x ina urefu mmoja wa mashine, ile sehemu inayobeba bolti, kwa kaliba zake zote, kwa hiyo kule kusifia .308 kwamba inakupa bunduki fupi, hapa hakuhusiki. Kama sababu yako ni hiyo tu, chukua .30-06.

Bolti, komeo la kupakilia risasi, ndiyo iliyonifanya niinunue. Unaiinua nyuzi 70 tu, sio 90 kama Mauser 98, bunduki ya zamani ya Kijerumani, kwa hiyo vidole havigongi darubini na shavu linabaki kwenye kitako wakati unakoki. Inateleza kama droo iliyopakwa nta. Ukweli ni kwamba Mauser, na Winchester Model 70 za kabla ya 1964, zina ukucha mpana unaoishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini, na kwa mnyama anayeweza kukurudia ningeutaka ukucha huo. Tikka huisukuma tu risasi mbele hadi ndani ya chemba ndipo iishike. Kwa swala na nguruwe sijaona upungufu.

Usinunue bunduki kwa kuitazama. Hakikisha haina risasi, funga macho, ipandishe begani kama kawaida yako, kisha fungua macho. Ukiona duara zima la darubini bila kunyoosha wala kukunja shingo, kitako kinakutosha. Halafu pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako, kutoka mbele kurudi nyuma. Kama mtutu umeundwa kuelea, yaani usiguse kitako, karatasi isikwame. Niliwahi kushika bunduki iliyokwisha kutumika, nzuri kwa sura, ambayo karatasi ilikwama katikati, maana mbao ilikuwa imepinda ikaegemea mtutu. Mtutu ukipata moto kwenye hali hiyo, shabaha inahama. Niliirudisha palepale.

Darubini yangu ni ya 3-9x40, yaani inakuza mara 3 hadi 9 na lenzi ya mbele ni milimita 40. Naiacha kwenye 3 ninapotembea, kwa sababu nguruwe hutokea karibu na ghafla. Umbali kati ya jicho na darubini usipungue sentimita nane, la sivyo nyusi itachanika.

Kuhusu kichwa cha risasi, hapa ndipo pa kutumia fedha. John Nosler, mwindaji wa Marekani, alibuni kichwa cha Partition baada ya risasi zake kupasuka juujuu kwenye bega la mnyama mkubwa mwaka 1946. Kichwa chake kina ukuta katikati: sehemu ya mbele inafunguka, ya nyuma inaendelea kupenya. Siku hizi kuna vya shaba tupu vinavyofanya kazi hiyo bila madini ya risasi, na nyama haichafuki. Mimi natumia cha gramu 10.7. Nunua aina tatu tofauti, ufyatue kila moja kwa utulivu ukiacha mtutu upoe, kwa kuwa kila mtutu una unachokipenda, na wangu ulizikataa risasi za bei ya juu kuliko zote. Ukishapata yako, nunua za kutosha za kundi moja la kiwandani.

Nimeilenga ipige sentimita nne juu kwa mita 100. Kwa mita 200 inashuka sentimita tano au sita chini ya kitovu, kwa hiyo mpaka hapo naweka msalaba katikati ya bega na kuvuta triga polepole.